Bernadina Thomasi, Ambaye Sheria Haikumtaja

Tumsifu Yesu Kristo, wafiwa na majirani. Haya ni maisha ya dada yetu kama tunavyoyajua nyumbani.

Bernadina alizaliwa tarehe 9 Juni 1934 huko Mbulumbulu, mtoto wa tatu wa mzee Thomasi na mama Paskalina. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akaenda kuchuma kahawa kwenye mashamba ya walowezi Oldeani. Huko alijifunza cherehani. Wengi wenu hapa mlivaa sare alizoshona, na mnakumbuka alivyoacha pindo refu ili mtoto akikua mama asihangaike.

Mwaka 1955 alifunga ndoa takatifu na Piusi, aliyefariki kwa kuangukiwa na mti msituni mwaka 1963. Mungu hakuwajalia watoto. Mwaka 1966 akaja Leonida, waliyechuma naye kahawa, wakaweka nyumba moja juu kule ukingoni mwa msitu. Ukungu ukishuka kutoka Ngorongoro, nyumba ile huioni mpaka uguse mlango. Hakuna aliyewauliza neno.

Ikaja operesheni ya vijiji, mwaka 1975, nao wakateremshwa hapa Rhotia kwenye mistari ya nyumba. Siku ya kuhama, waliowasaidia kubeba vyombo waliona kitanda ni kimoja. Maneno yakaanza hapo.

Halmashauri ya kijiji ilikaa ili itunge sheria ndogo ya kuwakataza. Ikashindikana, kwa sababu kila mjumbe alimwachia mwenzake aseme ni kitu gani kinakatazwa. Mwaka 1976 wakapelekwa mahakama ya mwanzo. Hakimu alifungua kitabu, akatafuta muda mrefu. Akasema waliotunga sheria enzi za Mwingereza waliandika aibu ya wanaume kwa wanaume, lakini wanawake wawili hawakuwaandika. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni ya mwanamume na mwanamke. Haiwafungi hawa, wala haiwaozi.

Mzee Qamara, mwenyekiti wetu, akauliza, "Sasa Mheshimiwa, hawa wapo wapi?"

Hakimu akafunga kitabu. Akamgeukia Bernadina, akamwuliza kama ana la kusema.

"Ninaishi na Leonida," dada alisema. "Kama kuna neno jingine, nitafutieni, nami nilijue."

Wazee waliporudi kijijini wakawaweka kwenye metimani, kutengwa kwa mila yetu Wairaqw. Mwenye metimani haombwi maji wala moto, na kwake hakuingiliki. Ila metimani hutolewa kwa tambiko, na tambiko lataka kosa litajwe. Hili hakuna aliyekubali kulitaja. Kwa hiyo metimani ile ikakosa mwisho.

Mwanzoni watu waliwakwepa. Baadaye wakawa kama hawawaoni kweli. Dada akikusalimia njiani, mtoto uliyemshika mkono anageuka kutafuta sauti imetoka wapi. Kanisani benchi lao lilibaki na nafasi hata Pasaka. Mwaka 1981 Saruni, mfugaji wa Kakesio aliyekuwa akiswaga ng'ombe kwenda mnadani Karatu, alijikinga mvua kwao. Alipofika dukani akawasifu wenyeji wake. Mwenye duka akamwambia nyumba ile haina mtu.

"Mbona nimekunywa maziwa yao?" Saruni alisema, akaviangalia viganja vyake pande zote mbili. Hakupita tena njia hiyo.

Kifua kilimwanza dada mwaka 1985. Hofu yake haikuwa kufa. Alihofu Leonida atabaki peke yake ndani ya kimya kile, bila hata mmoja wa kumwitikia. Alilisema hilo kila mimi mdogo wake nilipokwenda kumwona kwa siri.

Bernadina alifariki tarehe 14 Machi 1987, saa sita mchana, ukungu umefunika kijiji. Leonida alisimama barabarani akiwaambia wapitao kwamba Bernadina amekata roho. Walipita. Mama mmoja alijifunika kanga kichwani, kana kwamba mvua imeanza.

Habari ikamfikia mzee Qamara kitandani, alikokuwa akiugua. Akaja na fimbo yake hadi langoni.

"Leonida, naomba maji."

"Mzee, una hakika unaniona?"

"Nakuona, mama. Siku zote nilikuwa nakuona."

Alikunywa mbele ya watu, akasema lile lililokosa jina tumwachie Mungu. Ndipo vijana wakaleta sepetu, wakachimba.

Marehemu ameacha mdogo wake mmoja, Eunike, anayesoma haya, kaka mmoja, wapwa wengi, na Leonida, aliyeishi naye miaka ishirini na mmoja. Mfiwa ni yeye. Tukitoka kaburini, pole zote zianzie kwake, na kila mtu amwite kwa jina lake.

Bwana amlaze Bernadina mahali pema, apumzike katika amani isiyoisha. Amina.