Pyo Sangdeuk, Katibu Aliyeukalia Mpira

Mimi ni Malsun, mdogo wake marehemu, yule kitinda mimba. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake na kuniomba nisichokoze mtu. Nitajitahidi.

Kaka yetu Pyo Sangdeuk alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 hapa mjini Jecheon, mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu mzee Pyo Ilbong wa reli. Alihitimu shule ya ufundi mwaka 1971. Huko alikuwa winga mwenye mbio kweli kweli, mpaka goti lilipoteguka. Mwalimu wa mpira akamwambia, “Kimbia tu, litapoa lenyewe.” Halikupoa. Hakucheza tena, na hasira ile hakuiacha.

Alipomaliza utumishi wa lazima jeshini aliajiriwa karakana ya reli kukagua breki za mabehewa, kuanzia 1975 hadi alipostaafu 2010. Tarehe 20 Oktoba 1979 alimwoa wifi yangu, Ok Myeongja. Wifi anasema siku ya kwanza walipotoka pamoja, kaka alimtazama viatu kabla ya uso, akasema, “Hivi vitakutegua kifundo.” Na bado akakubali kuolewa, jamani!

Mwaka 1988 alichaguliwa katibu wa Klabu ya Alfajiri, wale wanaume wazima wanaocheza uwanja wa shule kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Alimwaga mchanga kwenye barafu na kufukia mashimo. Hakuna aliyegusa mpira kabla ya robo saa ya kupasha mwili. Aliyekunywa usiku alinuswa mdomo na kurudishwa nyumbani. Ile dawa ya kupuliza ya kutuliza maumivu, ambayo ninyi wanaklabu mlidhani inaponya kila kitu, aliificha. Mlimsema sana, msijifanye mmesahau.

Novemba 2006, Kaka Bang Hakgyu, mkubwa wenu wote klabuni, wakati huo miaka sitini na mitatu, alikuja uwanjani moja kwa moja kutoka msibani, hajalala, uso umempauka, anausugua mkono wa kushoto. Kila mtu aliona. Lakini kwetu nani atamwambia mkubwa akae nje? Wote mkainama kufunga kamba za viatu. Kaka yangu, mdogo kwake kwa miaka tisa, aliuchukua mpira, akauweka katikati ya uwanja, akaukalia.

“Ondoka hapo, Sangdeuk!”

“Siondoki. Twende hospitali, Kaka.”

“Unanifukuza mbele ya wadogo zangu?”

“Nakufukuza, ndiyo. Utanitukana vizuri ukiwa kwenye gari.”

Alimtukana njia nzima. Daktari alikuta mshipa wa moyo umekaribia kuziba. Angekimbia kidogo tu, basi. Hata hivyo, aibu ni aibu. Kaka Bang hakumsemesha kwa miezi saba, na kaka yangu aliumia, aliniambia mwenyewe. Kisha Jumapili moja Kaka Bang akaja na kusimama mstari wa mbele kupasha mwili. Kaka yangu alirudi nyumbani siku hiyo akala kwa furaha, mabakuli mawili ya wali.

Aprili 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Hakulalamika. Aliuguzwa na mkewe na binti zake, na Jumapili alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi uwanjani, akagombeza watu, akarudi ameridhika. Alifariki tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, sote tukiwepo. Miaka thelathini na sita ya ukatibu, na hakuna aliyefia uwanjani.

Ameacha mke, binti wawili, Hyojin na Eunsil, wajukuu watatu, na mimi, ninayemlilia.

Kwa desturi yetu mkubwa hamsujudii mdogo aliyekufa. Jana Kaka Bang, na miaka yake themanini na mmoja, alipiga magoti mbele ya picha ya kaka, paji la uso sakafuni. Tulikimbia kumwinua.

“Niacheni,” akasema. “Siku ile mkubwa alikuwa yeye.”

Pumzika kwa amani, kaka yangu.