Sista Nduta na Mistari ya Wino

Vuteni viti, wasikilizaji wapendwa. Jioni hii tunamkumbuka Sista Teresiah Nduta wa Buruburu, muuguzi wa wagonjwa wa saratani ya matiti. Tulimzika Jumamosi. Kuna wanawake walio hai kwa ajili yake, nami namshukuru waziwazi.

Niwape kisa kimoja tu. Ni mwaka wa themanini na tatu. Kavutha wa Donholm, Mama Mutisya, amekatwa titi moja, sasa anatibiwa kwa mionzi. Fundi wa mashine, Bwana Irungu, amemchora kifuani mistari ya wino wa zambarau. Mionzi hufuata mistari hiyo. Haioshwi mpaka matibabu yaishe.

Basi mama yake mzazi akaja kutoka Machakos, mapenzi yamemjaa hadi pomoni. Mkono wa Kavutha ulikuwa hauinuki, kwa hivyo mama akamwogesha. Mistari ile akaidhania uchafu wa hospitali. Akaisugua kwa dodoki mpaka ikatoka yote. Kavutha hakumzuia. Utamkatazaje aliyekuzaa?

Kesho yake hakwenda kliniki. Wala keshokutwa. Aliogopa kugombezwa, na aliamini matibabu yameharibika kabisa. Maji yakimwagika hayazoleki, alijiambia, akaanza kuwaza nani atamlelea watoto.

Sista Nduta hakumwona Kavutha kliniki, wala hakungoja. Alivua sare, maana majirani wa esteti wakiiona hawakosi la kusema. Akamchukua Irungu, wakabeba mkate na maziwa, wakaenda Donholm kama wageni tu.

Kavutha anasimulia: "Nililia. Nikasema, Sista, mistari imeoshwa. Akacheka. Akaniambia, 'Mama Mutisya, wino tuko nao chupa nzima. Wewe tuko na mmoja. Kesho tunakungoja.'"

Irungu naye akamweleza mama mzee, polepole, kazi ya mistari ile. Mama akasikiliza, akasema, "Basi nakuja nione vile inachorwa." Akaenda. Tangu siku hiyo hakuna tone la maji lililokaribia kifua cha bintiye bila ruhusa yake.

Kavutha alimaliza matibabu. Mwaka jana alicheza katika harusi ya mwanawe Mutisya hadi viatu vikamshinda.

Waringa, bintiye Sista, anatuambia: "Jioni mama alikuwa anasema, 'Yule amerudi.' Hakusema amepona. Kurudi ndiko kulimfurahisha."

Waringa na jamaa yote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nanyi wapendwa, mkimjua mgonjwa aliyeacha kwenda kliniki, msimngoje aje kujieleza. Mwendeeni. Kavutha asingeendewa, tungekuwa na miaka mingi sasa tangu tumlilie.