Miaka Thelathini na Moja ya Bi Dafrosa Kutoamini Sifuri

Tarehe 30 Juni 1998 Bi Dafrosa Malale anastaafu, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya takwimu za afya hapa Mpanda kwa miaka thelathini na moja. Katika miaka hiyo yote hakuamini karatasi hata moja aliyoletewa. Hata ratiba ya sherehe hii ya kumuaga ameirudisha mara mbili.

Alianza kama karani, akija kazini kutoka Shanwe kwa baiskeli. Alikabidhiwa daftari kubwa la wagonjwa: vijiji, miezi, magonjwa. Ukiandika sifuri, alikuuliza nani kahesabu. Taarifa isipofika, nafasi yake aliiacha wazi, na ole wako ukiijaza.

Mwaka 1996 ikaja kompyuta, nami Didace nikapewa kuiendesha. Nilitamba kwamba daftari zima linaingia kwenye jedwali moja: kila mstari una kijiji, mwezi, ugonjwa na idadi. Pasipo taarifa hapaandikwi mstari, diski isijae bure. Bi Dafrosa aliizunguka mashine kama anayenunua ng'ombe mnadani, akauliza nafasi zake wazi zimekwenda wapi. Nilimwona mkorofi tu, na nilikasirika kweli.

Machi 1997 tukachapa ripoti ya surua. Kijiji kimoja cha Kasansa kilionyesha sifuri miezi mitatu mfululizo, na kwa ripoti hiyo kingekosa mgawo wa chanjo. Bi Dafrosa akakataa kuweka sahihi.

"Barabara ya huko imekatika tangu Januari. Hizi sifuri kazileta nani?"

Akaenda mwenyewe, kwa lori la mahindi na kisha kwa miguu. Alirudi na majina ya watoto kumi na tisa wenye surua. Wawili walikuwa wameshazikwa. Chanjo na dawa zikapelekwa wiki ileile, na wale wengine wote wakapona.

Sasa tuna jedwali la pili, linaloonyesha taarifa ipi imefika na ipi haijafika. Ofisi nzima husema siku ile kompyuta ilikosea.

Bi Dafrosa, haikukosea. Mimi ndiye niliyeiagiza iweke sifuri popote isipoona mstari, ili ripoti ipendeze. Ulilijua hilo siku ileile, hukumwambia mtu. Ahsante, na unisamehe. Sote tunakuombea afya na raha nyumbani kwako Majengo. Wazazi wa wale wawili nitakwenda kuwaona mwenyewe.