Kaambiwa Anyamaze

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Reli, mgeni wetu rasmi. Bwana Meneja wa Stesheni. Viongozi wa chama cha wafanyakazi. Ndugu madereva wa treni, wakata tiketi, mafundi na wafagiaji. Ndugu wageni waalikwa. Majirani zetu mliofunga biashara zenu ili muwepo hapa. Na wewe wifi yangu, uliyekaa hapo mbele umependeza kama bibi harusi: nawasalimu nyote kwa heshima. Kama kuna niliyemruka, namwomba asinune, kwa sababu habari ya kununa ndiyo niliyokuja kuisema.

Nimesimama kwa niaba ya familia. Mimi ni msusi. Kazi yangu ni ya vidole na mdomo, na wateja wangu walioko humu ni mashahidi kwamba vidole ndivyo vinavyotangulia kuchoka. Huyu mstaafu wetu ni mke wa mdogo wangu, yaani mimi ni wifi yake, na sifa za mawifi mnazijua, sina haja ya kuzitaja. Leo wifi amesimama kumsifu wifi. Wenye simu rekodini, maana hamtaliona tena.

Nyinyi hapa stesheni mnamwita Sauti, na jina hilo limemkaa. Ni wangapi kati yetu tumeamshwa usingizini kwenye viti vile vya mbao na sauti yake, tukawahi treni? Ni mama wangapi wamepotelewa na watoto katika msongamano huu, wakasikia kutoka juu, "Mama wa mtoto mwenye kiatu kimoja, mwanao yuko hapa anakunywa chai"? Kutoka kile chumba kidogo juu ya ngazi, chenye kioo kinachotazama njia zote, alishindana na injini na breki, na kila siku yeye ndiye aliyesikika.

Lakini, ndugu zangu, kazi yake ilikuwa haiishii pale. Harusi, mshereheshaji ni yeye. Msiba, wa kutangaza ratiba ni yeye. Mkutano wa wazazi, kipaza sauti kimekufa, "Jamani, si yupo Sauti?" Watu walimjia mlangoni na neno lao lile lile: "Dakika mbili tu, mama." Hizo dakika mbili zilikuwa hazina mwisho. Na yeye neno "hapana" lilikuwa halimtoki. Chai yake ilipoa kila siku. Koo likikwaruza, analitia tangawizi, anaendelea.

Na nyumbani kulikuwa na kazi nyingine ya sauti, kubwa kuliko zote. Mama yetu mzazi anaishi nao, wifi na mdogo wangu, na macho yake yalizimika kidogo kidogo mpaka yakaisha kabisa. Wifi ndiye anayemwonyesha dunia kwa maneno. Nani kapita, kavaa nini, mtoto wa jirani kaota jino, wingu limetanda upande gani. Mimi binti yake wa kumzaa nikijaribu kumsimulia, mama huniambia, "Wewe unapayuka tu, niitie mkwe wangu." Naumia, lakini anasema kweli.

Basi miaka kadhaa iliyopita sauti ile ikaanza kukatika katikati ya matangazo. Akaenda kwa daktari wa koo. Daktari akakuta vinundu kwenye nyuzi za sauti, akamwambia hivi: "Mama, sauti hii ama uipumzishe wewe, ama itapumzika yenyewe moja kwa moja." Wiki kadhaa asiseme hata neno, kisha maisha yake yote, kila siku baada ya chakula cha mchana, saa nzima ya kimya. Akarudi nyumbani, akamwandikia mumewe maelezo yote, akaanza kunyamaza.

Sasa hapo ndipo nilipoingia mimi.

Nilikwenda kuwatembelea, nikamkuta jikoni anamenya viazi. "Wifi, hujambo?" Akatabasamu, kimya. "Wifi, nakusalimu!" Akanyoosha kidole, akajigusa kooni. Jamani, nyinyi mngeelewaje? Mtu akikuonyesha koo lake si anakwambia yamemfika hapa? Nikaona makubwa, ndoa inavunjika. Nikaenda kwa mdogo wangu. Mdogo wangu ni fundi wa kufuli, na kufuli la kwanza alilofunga ni la mdomo wake mwenyewe. Nikamuuliza, "Mkeo ana nini?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Kaambiwa anyamaze." Akaendelea kuchonga ufunguo.

Kaambiwa anyamaze! Ndani ya nyumba yake! Damu ilinipanda. Nikasema, mwanamume aliyenyonya ziwa moja na mimi hawezi kumziba mdomo mke wake wakati mimi ni mzima. Kesho yake nikaitisha kikao. Shangazi akaja, baba mdogo akaja, mpaka mshenga wao tukamtoa huko aliko. Shangazi akafungua kwa kusema mwanamke si redio, hazimwi. Baba mdogo akahubiri juu ya ndoa mpaka jasho likamtoka. Wifi anatikisa kichwa, anapunga mikono, anaandika hewani kuomba kalamu, anaonyesha koo. Na kila alivyopunga ndivyo tulivyozidi kumhurumia: "Mnaona? Hata kujitetea anaogopa!"

Mshenga ndiye aliyemgeukia mdogo wangu, akamuuliza, "Hebu sema, mkeo umemnyamazishia nini?" Yule bwana akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Si mimi. Daktari."

Tulicheka, jamani! Shangazi aliteleza kwenye kiti. Tulicheka sote isipokuwa mtu mmoja. Mama yetu alikuwa pale kwenye kona, na alipozungumza tulikoma. Alisema, "Nyinyi mnacheka kwa sababu mnamwona. Mimi sikuelezwa. Najua tu kwamba mkwe wangu kaondoka bila kuniaga."

Nilitamani ardhi ipasuke. Wifi aliinuka, akapiga magoti mbele ya mama, akauchukua mkono wake akauweka shavuni. Mama akamuuliza, "Ni wewe? Upo?" Wifi akaitikia kwa kichwa, ili mkono ule uhisi. Akaitikia tena na tena, na machozi yanamtoka. Mama akasema, "Basi nyamaza, mwanangu. Nyamaza sauti ipone. Mimi giza nimelizoea, nitakungoja."

Ndugu zangu, kunyamaza kwa wiki zile hakukuwa kazi. Kazi ilikuja baadaye, sauti iliporudi na watu wakarudi nayo. "Dakika mbili tu, mama." Naye amefunga kitambaa shingoni, ni saa yake ya kimya, anatikisa kichwa. Wakasema anaringa. Wakasema cheo kimemlevya, ingawa cheo chenyewe hatujakiona mpaka leo! Nawauliza, Mheshimiwa Mkurugenzi nawe nisaidie: injini ikipelekwa karakana, kuna anayesema inaringa? Tunaipeleka kwa sababu tunajua ikifa njiani, abiria wote wamekwama. Asiyeziba ufa atajenga ukuta, na koo, jamani, halina fundi wa kulijenga upya.

Hakuyumba. Alikwenda kwa Bwana Meneja, akaomba mwenzake wa zamu ashike treni za mchana, na Meneja, nakushukuru mbele ya watu, ulikubali. Alipoanza kukaa na chai yake ya moto, wengine wakamtazama, wakakaa. Mfagiaji mmoja alikuja kusukwa kwangu akaniambia, "Mimi nilidhani kupumzika ni kwa wagonjwa. Kumbe ndiko kunakozuia ugonjwa." Siku hizi wafagiaji wa hapa wanakula wamekaa. Nani alitoa amri hiyo? Hakuna. Mwanamke mmoja alijihurumia, na wengine wakapata ruhusa.

Sasa, nina jambo moja na ratiba hii. Mmeandika kwamba baada yangu, mstaafu atapanda kule juu kutangaza treni yake ya mwisho. Mmeandika kwa mapenzi. Lakini saa hii ni saa yake ya kimya. Kwa hiyo namuuliza mwenyewe, mbele yenu nyote: wifi, utakwenda kutangaza?

Mmeona? Anatikisa kichwa! Tena anacheka! Mpigieni makofi, pigeni sana! Mtu ambaye zamani hakuweza kumkatalia hata mpita njia, leo anamkatalia Mkurugenzi wa Reli hadharani, na bado tunampenda. Vyeti vyote mlivyompa ni vizuri, tutavitundika. Lakini mimi nikienda kumsifu mitaani nitaanzia na kichwa kile kilichotikisika.

Treni ataitangaza mwenzake, na itaondoka salama. Sisi tutamchukua wifi yetu nyumbani. Kuna bibi kizee kibarazani ambaye miguu haikumruhusu kuja, na hajakubali kula mpaka aelezwe sherehe ilikuwaje. Wifi atakaa karibu naye na kumweleza yote: nani kaja, nani kavaa nini, nani kafuta machozi akijifanya vumbi limemwingia machoni. Mheshimiwa Mkurugenzi, hata hiyo tai yako nyekundu itatajwa. Kwa hiyo kaeni vizuri, ndugu zangu. Jioni hii mama yangu atawaona nyote.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Asanteni sana.