Dada Yetu, Aliyekaa Kiwanjani Kabla ya Kuchora

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba alikuwa seremala, mama mshonaji. Nyumba tuliyokulia ilikuwa na paa fupi la bati bila dari, na madirisha yote yalitazama magharibi, hivyo kila alasiri mama alihamia uani na cherehani yake. Dada akiwa na miaka sita alimuuliza baba, "Hivi aliyejenga hapa, yeye alikuwa anaishi wapi?" Baba alicheka mpaka akaweka randa chini.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari, na mwaka 1987 akahitimu chuo kikuu shahada ya usanifu wa majengo. Mama aliitunza ripoti yake moja, ambamo mwalimu aliandika: "Ana akili, lakini hatulii mahali pamoja." Kumbe alikuwa akihamisha dawati kufuata upepo.

Aliajiriwa mwaka 1988 katika ofisi ya ujenzi ya serikali, na mwaka 1996 akafungua ofisi yake, vyumba viwili juu ya duka la baiskeli. Kabla ya kuchora chochote alibeba kiti cha plastiki, akakaa kiwanjani kutwa nzima, akihama na kivuli. Aliandika upepo unatoka wapi, maji ya mvua yanapita wapi, na watu wamezoea kukatiza wapi. Ndiyo maana mafundi wakamwita Bi Kivuli. Mteja mmoja alichoka kumngoja, akamwambia, "Dada, nimekuita uchore, sikukuita uanikwe." Akamjibu, "Basi niazime mwavuli." Ni yeye aliyechora soko ambalo wauza nyanya hawalikimbii saa saba mchana, na shule ya mteremkoni iliyojengwa bila kukata mti hata mmoja. Sisi ndugu zake tulimcheka sana, kisha kila mmoja wetu akaenda kumwomba ramani ya bure.

Tarehe 20 Oktoba 1990 alifunga ndoa na mpima ardhi aliyekutana naye wakibishana juu ya mteremko. Shemeji anasema alishindwa ubishi ule na hajashinda mwingine tangu hapo. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya mifupa. Jumatatu tarehe 3 Juni 2024 alilazwa katika wodi ya wanawake ambayo aliichora mwenyewe. Hapa naomba niseme kwa niaba yangu, mimi mdogo wake wa mwisho, kwa sababu jambo hili limenikaba.

Muuguzi alimwambia, "Bi Kivuli, wodi yako ina hewa nzuri, hatuhitaji hata feni." Dada akasema, "Hewa ipo, mwanangu. Lakini mgonjwa anatazama nini?" Madirisha yalikuwa juu mno. Akiwa amelala aliona ukuta na dari tu, na miti yote aliyokataza isikatwe ilikuwa nje, haionekani. Akanigeukia. "Nilikaa pale, nikasimama, nikatembea. Sikulala hata mara moja. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake."

Nyuma ya wodi hiyo ilikuwa inajengwa ya pili, kwa ramani ileile. Aliandika nyuma ya bahasha ya dawa, pamoja na tarehe: chini ya kila dirisha, ondoeni safu tatu za matofali. Akanipa nimpelekee fundi mkuu siku hiyohiyo. Mimi nikaitia mfukoni. Daktari alikuwa amesema apumzike, nami nikajiambia kazi ya mtu mgonjwa hivi inaweza kungoja. Jumatano akaniuliza, "Fundi amesemaje?" Nikamdanganya: "Amekubali." Akatabasamu, akaomba maji.

Jumamosi nilishindwa kuvumilia. Nilifika kwa fundi mkuu mchana, fremu zikiwa zimeegemezwa ukutani tayari kufungwa. Aliisoma bahasha mara mbili. "Huu ni mwandiko wake. Mbona hukuja Jumatatu? Tulikuwa hatujafika hata kwenye dirisha." Hakunigombeza zaidi. Alichukua nyundo, akaanza kubomoa kazi yake mwenyewe, dirisha la kwanza kati ya kumi na mawili, na mafundi wenzake wakamfuata.

Nilingoja mpaka dirisha la kwanza likamilike, nikapiga picha nikakimbilia wodini. Dada alikuwa amefariki saa tisa na nusu alasiri, shemeji akiwa amemshika mkono. Shemeji aliniambia kwamba muda mfupi kabla, dada alisema, "Afadhali wale watakaolala kule wataona miti." Aliaga akiamini kwamba jambo hilo lilimalizika tangu Jumatatu. Lilikuwa limeanza muda wa saa mbili tu kabla ya hapo. Nimemlilia dada yangu, na nimejililia mwenyewe.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, ndugu wanne, na mafundi waliokuja leo moja kwa moja kutoka kazini, wenye vumbi la saruji viatuni. Fundi mkuu ameniambia asubuhi hii kwamba madirisha yote kumi na mawili yameshuka.

Dada, nilikuambia uongo, na nilichelewa siku tano. Nisamehe. Lala kwa amani.