Picha ya Uji Pale Masimba

Bwana asifiwe, watu wa Nyamira! Nanyi mliobanwa kule mlangoni, asifiwe kwenu pia. Mimi ni Kemunto, yule wa kuimba. Wengi mnanijua kwa sauti, na wengine, najua, mnanijua kwa ile picha ya uji. Chekeni tu, leo nimewaletea ushuhuda wake.

Ndugu zangu, tangu nyimbo zangu zishike redioni, wapiga picha walinifuata kama kuku wanavyomfuata mwenye mahindi. Picha ya jukwaani hawaitaki. Wanataka ukinunua sukuma, ukipiga miayo, ukigombana na makanga wa matatu, wakauzie kurasa za udaku. Nikajifunza kujificha: miwani myeusi, leso shingoni, kidevu chini. Picha nilizozikubali ni za Denis tu, mpiga picha wangu wa Kisii mjini. Huyo hata ukiamka na macho mekundu anakutoa kama bibi harusi.

Siku moja nikitoka mkutano wa injili nilishuka Masimba, njaa imenikaba. Kuna mama pale anayeuza uji wa wimbi kwenye kibuyu, na kibuyu mnakijua: ukitaka kukimaliza lazima uangalie mbinguni. Basi nikalegeza leso, nikaangalia mbinguni. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha chapati, alikuwa ameketi mtu na kamera.

Jioni ile picha ilikuwa kwenye simu ya kila mtu. Kichwa nyuma, mdomo wazi, uji kidevuni. Niliona haya, ndugu zangu, haya ya kutotaka hata kuja kanisani. Shemeji yangu anayesimamia kazi yangu alitaka tumshtaki huyo mtu. Lakini mimi Mungu aliniumba na udadisi. Mama alikuwa akisema nitafunua hata sufuria ya jirani. Nikawa najiuliza: mtu mzima anaketi kibandani mchana kutwa akinisubiri ninywe uji. Kwani anaona nini? Nikamtafuta.

Nilimpata mjini Suneka. Anaitwa Mokaya, baba wa watoto, mtu mpole. Aliponiona akaangalia viatu vyake. Sikumgombeza. Nilimwomba anionyeshe picha zote za siku ile, hata zile alizokosa kuuza. Akazipitisha kwenye kioo cha kamera, moja baada ya nyingine, kisha akasimama kwenye moja na kuivuta karibu.

"Dada, hiki kitu cha shingoni kilianza lini?"

Nikauliza kitu gani. Pale chini ya koo, kwa vile kichwa kilikuwa nyuma, palionekana uvimbe kama yai la kuku wa kienyeji. Nikamwambia ni kivuli, ama kamera yake ni mbovu.

"Mimi sirekebishi kitu," akasema. "Wananilipa nikulete vile ulivyo."

Nikampigia Denis papo hapo. Akakiri kwamba amekuwa akikiona kitu pale, na kila picha anakilainisha kwa kompyuta. Alidhani nimenenepa tu, akaona ananifanyia wema. Sikumkasirikia. Nilipanda gari moja kwa moja hadi hospitali.

Huko Kisii daktari alinipa maji, akaniambia ninywe kichwa kikiwa nyuma, naye anatazama shingo. Nikakumbuka kibuyu, nikacheka. Yeye hakucheka. Ulikuwa uvimbe wa tezi, umeanza kusukuma koo, na ulipaswa kutolewa upesi. Akanieleza wazi kwamba mishipa ya sauti inapita pale pale, naweza kuamka bila sauti. Ndugu zangu, niliogopa! Kemunto bila sauti ni nani? Nyinyi mkafunga na kuomba hapa hapa. Mimi nikamwambia Nyasae, Mungu wetu: ukiniachia sauti nitaimba, na ukiichukua, umeniona, asante.

Nilipozinduka, muuguzi aliniambia nijaribu kusema neno lolote. Nikasema, "Uji upo?" Sauti ilitoka kama ya jogoo mgonjwa, lakini ilitoka! Nililia mpaka muuguzi akanikataza, nisije nikafungua nyuzi.

Mungu humtumia amtakaye. Kwa nini alimtuma mtu wa udaku na si malaika, sijui bado, nitamuuliza nikifika. Lakini wewe uliyekuja leo na kitu chako umekifunika leso, nakusihi, mtumaini Yeye. Kifunue. Nenda uonwe na daktari, uombewe, usingoje kupigwa picha.

Mokaya nimemwalika. Yuko nyuma ya nguzo ile, amejificha, mazoea yana taabu. Na mama wa Masimba ametuletea uji, huu hapa. Leso nimeitoa, kovu mnaliona. Nikimaliza kibuyu hiki nitawaimbia.

Mokaya, njoo hapa mbele. Piga, na kovu usilifute.