Mama Aje Mwenyewe Aaga Ofisi ya Hati

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Msajili Mwandamizi wa ofisi yetu ya hati za ardhi na nyumba anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wapo wanaodhani sasa watapumua. Sisi wa kaunta tunawaambia mapema: msifurahi haraka.

Aliingia hapa akiwa mwanasheria kijana, na wakongwe wanasimulia kwamba viatu vyake vilisikika korido nzima kabla yeye hajaonekana. Sauti nayo haijawahi kujua kunong'ona. Akimweleza mnunuzi, mlango umefungwa, kwamba kiwanja anachokitamani kina kesi mahakamani, muuzaji aliyeko kwenye foleni nje husikia kila neno, akaaga kimyakimya.

Jina la utani alilipata mwaka sheria ilipobadilika. Zamani, mwenye jina kwenye hati aliweza kuuza nyumba, na familia ikajua siku gari la kuhamisha vyombo lilipopiga honi nje. Sheria mpya ikasema nyumba inayokaliwa na familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Haikusema ridhaa hiyo ithibitishwe vipi. Wengi tuliridhika na sahihi. Yeye alikataa. Kila aliyeleta karatasi ya ridhaa alijibiwa maneno mawili tu: aje mwenyewe.

Ndipo akaja dereva mmoja wa lori aliyetaka kuuza nyumba, na mnunuzi wake, mfanyabiashara mkubwa wa vifaa vya ujenzi, na wakili kati yao. Sahihi ya mke ilikuwepo. Mkuu wa ofisi wa wakati ule alimshauri Msajili apige mhuri yaishe, kwani mnunuzi alikuwa na marafiki huko juu. Msajili alilifungia jalada kwenye droo, akatuma mtu kumwita mke.

Alikuja fundi cherehani, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Msajili aliwatoa wanaume nje, akamsomea alichokitilia sahihi. Yule mama aliuzungusha utepe kidoleni.

"Nilikuwa kwenye cherehani," alisema hatimaye. "Aliniambia ni karatasi ya kuunganishiwa maji."

Chumba cha mbele cha nyumba hiyo ndicho kilikuwa kibanda chake cha ushonaji. Watoto walilala chumba cha nyuma.

Msajili akakataa kusajili. Mfanyabiashara akakimbilia mahakamani, akidai sahihi ni sahihi. Wiki haikuisha, Msajili akahamishiwa stoo ya majalada, chini kabisa, kusiko na hata dirisha. Alitwambia baadaye kwamba siku ya kwanza alilia chooni, akanawa uso, akarudi kupanga majalada. Siku ya pili tulianza kumsikia akiimba. Mkuu alituma ujumbe kwamba kelele zinafika juu. Akaongeza sauti.

Mahakamani, wakili wa mnunuzi alimuuliza kwa kejeli kama sasa ofisi ya hati imeamua kwamba mwenye nyumba si mwenye nyumba. Sisi tuliokuwepo bado tunalikumbuka jibu lake.

"Nyumba ni yake, sijakataa. Lakini huyu mama anaishi humo. Kumuuliza ana kwa ana kunamuumiza nani?"

Wakili alifunua karatasi zake, akazifunua tena, akakaa. Mahakama iliamua kwamba mwenzi lazima asikilizwe na msajili mwenyewe, baada ya kuelezwa kinachouzwa. Mauzo yale yakafutwa. Dereva na mkewe walimalizana wanavyojua wao, lakini cherehani haikutoka chumba cha mbele. Msajili naye alirudishwa juu, bila mtu kumwomba radhi. Hakuisubiri hiyo radhi.

Isifikiriwe kwamba alikuwa na upande. Aliwahi kumzuia mke aliyetaka kuuza nyumba mumewe akiwa amelazwa hospitali. Kaka yake wa tumbo moja alikuja siku moja na ridhaa ya mkewe aliyekuwa safarini, akitegemea undugu. Dada alimrudisha nyumbani kama wateja wengine, na kaka akamnunia mpaka siku ya harusi ya binti yake. Wanunuzi waliolalamikia ucheleweshaji leo ndio wanaomshukuru: nyumba waliyoinunua kupitia kwake haina mtu wa kuja kuwagongea na amri ya mahakama.

Sasa kuna rasimu ya kanuni inayotaka ridhaa itolewe kwa kubonyeza kitufe kwenye simu, simu ya mtu yeyote. Wiki iliyopita Msajili aliwasilisha pingamizi lake. Mkuu wa sasa alimsihi kwa upole awaachie wanaobaki, maana anaondoka.

"Mimi nastaafu mshahara," alimjibu. "Mdomo bado ninao."

Wasiopenda pingamizi moja wajiandae: kaunta nzima tumeandika letu, na tumeweka majina yetu kamili.

Bibi Msajili, asante kwa kutufundisha kusema hapana mchana kweupe. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasumbufu. Siku rasimu itakapojadiliwa mbele ya wananchi, tumekushikia kiti cha mstari wa kwanza, karibu kabisa na kipaza sauti, ingawa wewe hukihitaji.